Mzigo wa Kuthibitisha

Kazi ya akili ni jasho kama kazi ya jembe. Kwa hiyo Bill Gates alikuwa na haki mwaka 1976 alipowalaumu kwa waraka wapenzi wa kompyuta waliotumia programu yake bila ya kuilipia. Lakini yafaa kuuliza ni nani abebe mzigo wa kuthibitisha uhalali. Mwezi wa Agosti, 2007, mitambo ya Microsoft ya kukagua nakala za Windows iliharibika kwa muda wa saa 19 hivi. Maelfu ya wanunuzi waaminifu wakaambiwa kuwa nakala zao ni za bandia, na waliotumia Vista wakanyimwa baadhi ya huduma zake. Mwizi hodari, ambaye huling'oa kufuli kabla ya kuitumia nakala, haulizwi neno. Mnunuzi alikuwa na stakabadhi mkononi, wala hapakuwa na wa kumwonyesha, maana mshitaki na hakimu walikuwa mtambo mmoja.