Presha Haina Kidonda

Bonde la Lambwe, katika kaunti ya Homa Bay nchini Kenya, lilishafuatwa na tiba hadi mlangoni. Malale yalipozuka mwanzoni mwa miaka ya 1980, kandokando ya pori ambalo mwaka 1983 lilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Ruma, vita dhidi ya mbung'o wanaoyaeneza vilipiganwa humo humo bondeni, mpaka dawa ikanyunyizwa kutoka angani.

Presha haijawahi kustahiwa hivyo. Haina kidonda wala homa. Mtu anaamka nayo, analima, anapeleka omena sokoni Mbita, na familia inashtuka siku ya kiharusi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta zaidi ya nusu ya watu wazima wa Kenya hawajawahi kupimwa presha hata mara moja. Siwezi kuuita huo uzembe. Nani ataacha palizi, alipe na bodaboda, kwa ajili ya mwili usiomuuma?

Ndiyo maana nilifurahi mwaka 2023 serikali ilipowagawia wahudumu 100,000 wa afya ya jamii mikoba yenye mashine ya presha na kipimo cha sukari. Kipimo cha presha kinataka utulivu: nyanya anayepimwa akae dakika tano bila kuzungumza, mgongo uegemee kiti, miguu isipishane, mkono uwe usawa wa moyo. Kisha kirudiwe. Kwa mtu aliyezoea foleni na kufokewa, dakika hizo tano tayari ni heshima.

Lakini akisomewa 170 kwa 100, halafu? Hapa ndipo dhamiri yangu inaposumbuka. Homa Bay imeumizwa sana na UKIMWI, na dawa zake, ARV, hutolewa bure. Mtu huyo huyo anaweza kutoka kliniki na ARV zake mkononi, dawa ya presha akaambiwa akanunue dukani. Moyo ni wake, damu ni yake. Kwa nini ugonjwa mmoja uwe wa umma na mwingine wa mfuko wake?

Kuyahudumia pamoja kumeshajaribiwa: utafiti wa SEARCH ulianza mwaka 2013 katika jamii 32 za vijijini Kenya na Uganda, virusi vya UKIMWI, presha na sukari vikipimwa mahali pamoja. Mwanzoni jamii zote zilipimwa. Baada ya miaka mitatu, zilizopimwa kila mwaka na kuhudumiwa kwa ukaribu zilikuwa na asilimia 47 ya wenye presha walioidhibiti, nyingine, 37. Kwangu tofauti hiyo inatokana na kufuatwa, na hata hiyo 47 haijafika nusu.

Kwa hiyo ningependa mkoba usitumwe kijijini kabla ya kabati la zahanati kujazwa. Amlodipini ni kidonge kimoja kwa siku, wala si dawa ya bei kali. Nyanya aondoke na vidonge vya mwezi na tarehe ya kurudi, na asipoonekana siku hiyo, mhudumu aliyempima aende kwake kumuuliza kulikoni.