Uongo wa Hadithi na Uongo juu ya Hadithi

Mnamo mwaka 1940, mjini Buenos Aires, Jorge Luis Borges, Adolfo Bioy Casares na Silvina Ocampo walichapisha mkusanyiko wa maandishi ya ajabu yaliyotoka katika lugha na zama mbalimbali. Baadhi yalikuwa marefu kiasi, na mengine hayakuzidi mistari michache. Miaka 15 baadaye, katika mwaka 1955, Borges na Bioy Casares walirudi na kitabu kingine, na safari hii walichagua vifupi vitupu. Mwaka 1959 Augusto Monterroso, Mguatemala aliyeishi Mexico, alitoa hadithi iliyokamilika kwa maneno 7 tu ya Kihispania. Naye Italo Calvino, katika mihadhara aliyoiandaa kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Harvard na ambayo mauti ya mwaka 1985 hayakumpa nafasi ya kuisoma, alisema kuwa alitamani kukusanya hadithi za sentensi mojamoja, ila hakupata ya kusimama bega kwa bega na ile ya Monterroso. Huko Uingereza, mwaka 1988, walitokea watu waliokusanya hadithi 100, kila moja ya maneno 100 kamili, si zaidi wala si pungufu.

Tangu hapo utanzu huu umeota mizizi. Mhariri hutangaza mada, iwe ni bahari, vioo, saa, au miji isiyokuwepo. Huweka mpaka wa maneno na siku ya mwisho, na watunzi wakapeleka vijihadithi vyao. Aghalabu malipo ni madogo, au ni nakala moja ya kitabu. Kwa sababu kazi yenyewe ni ndogo na mambo yanayosimuliwa hayawezi kutokea, ni rahisi mtu kudhani kuwa hapana swali la maadili linaloweza kuulizwa hapo. Anayesema kuwa paka wa jirani alimeza mwezi hamdanganyi yeyote. Basi atadaiwa ukweli wa nini?

Swali hilo lina jibu, na watu wa pwani walilijua kabla ya vitabu. Bibi aliyetaka kusimulia hakuanza na hadithi. Alianza na “Paukwa!” akangoja. Watoto wasipoitika “Pakawa!” hadithi haikwenda. Wengi huyachukua maneno hayo kuwa ni pambo la kuamshia wasikilizaji, ilhali ndani yake mna mkataba. Msimulizi anaomba ruhusa ya kusema yasiyokuwa, na msikilizaji anampa. Baada ya hapo sungura atasema, jini ataoa, na maiti atainuka adai deni lake, na hakuna atakayesimama kumwita bibi mwongo. Ruhusa imekwisha kutolewa.

Katika mkusanyiko wa mada moja, jalada na dibaji ndizo “Paukwa” ya kitabu. Msomaji anayefungua kitabu kilichoandikwa kuwa ni cha hadithi za ajabu ameshaitika. Hiyo ni neema kubwa kwa mtunzi wa kifupi, maana hana nafasi ya kujitambulisha wala ya kumzoesha msomaji ulimwengu wake. Mwandishi wa riwaya ana kurasa 200 za kuujenga mji wake tofali kwa tofali, ilhali yeye ana nusu ukurasa. Hivyo basi yampasa akope kwa msomaji. Akitaja chunusi, msomaji wa visiwani humletea yeye mwenyewe maji, na giza, na sauti ya mama akikataza watoto wasioge magharibi. Neno moja limefanya kazi ya sura nzima. Lakini mkopo ni mkopo. Anayekopa hofu na kumbukumbu za watu ana wajibu wa kuzirejesha, tena zikiwa na kitu kilichoongezeka.

Namna ya kuzirejesha inaonekana vyema katika kitendawili, ambacho ni babu wa hadithi hizi. Kitendawili huligeuza yai kuwa nyumba isiyo na mlango. Ajabu nzima imo katika sentensi moja, lakini mtegaji anajua jibu. Akishindwa msikilizaji, atapewa mji, na jibu litatolewa mbele ya watu wote. Mtegaji asiye na jibu hatafutiwi sifa ya ufundi. Ataambiwa anawachezea wenziwe. Hadithi fupi ya ajabu ni kitendawili ambacho jibu lake halitolewi, na hapo ndipo penye hatari yake ya kwanza. Kwa nje, jibu lililofichwa na jibu lisilokuwepo hufanana kabisa. Mtunzi peke yake ndiye ajuaye kama aliacha pengo ili msomaji alijaze, au aliliacha kwa kuwa hakuwa na la kutia. Hapana mhariri wala mhakiki awezaye kumshika. Na pale ambapo mtu hawezi kushikwa ndipo uaminifu wake hupimwa.

Ama kuhusu mada, wapo wanaoona kuwa hadithi iliyoagizwa haiwezi kuwa ya kweli, kwa hoja kwamba moyo wa mtunzi hautumwi dukani. Hoja hii inasikika vizuri, lakini haiafikiani na historia ya ushairi wa Kiswahili. Mtunzi wa takhmisi huchukua mishororo miwili ya mwenzake, akaitungia mitatu ya kwake, na ubeti ukawa wa mishororo mitano. Kafungwa kwa vina, kwa mizani na kwa maudhui ya mtu mwingine, na bado kuna takhmisi ambazo wajuzi wa sanaa hii hawachoki kuzisoma. Vilevile gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilichapa mashairi ya wasomaji wake. Na katika desturi ya kujibizana mmoja huanza na wengine hufuata palepale, kwa vina vilevile. Hapana aliyesema kuwa wa pili si mshairi kwa sababu hakuchagua mada.

Kwa hiyo fremu si kosa. Lakini takhmisi inatufundisha pia namna ya kumtambua anayeijaza fremu kwa takataka. Takhmisi njema haiwezi kung’olewa mahali pake ikapachikwa juu ya mishororo ya shairi jingine. Imeshikana na ile ya chini kama nyuzi za ukili. Kipimo hichohicho chafaa kwa hadithi ya mada. Ibadili mada uone. Kama hadithi iliyopelekwa kwenye mkusanyiko wa vioo ingeweza, kwa kubadili maneno matatu, kupelekwa kwenye mkusanyiko wa saa, basi haikuwahi kusema lolote juu ya vioo. Mtunzi alikuwa na kijihadithi mfukoni, akakivalisha kanzu ya harusi iliyo karibu. Huo si uhalifu, ila msomaji aliahidiwa kingine.

Kipimo hiki kinakuwa kizito zaidi mada inapogusa watu walio hai na waliokufa. Tuseme mhariri anataka hadithi za ajabu juu ya bahari, na tuseme kitabu kitasomwa Unguja na Pemba. Alfajiri ya tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander, iliyokuwa imejaza kupita kiasi, ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, na mamia ya watu wakafa. Tarehe 18 Julai 2012 meli ya Skagit ilizama ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Katika visiwa hivi ni shida kupata mtaa usio na mtu anayekumbuka usiku wa simu zisizopokewa. Sasa mtunzi anaandika mistari 15 ambamo abiria wa meli iliyozama wanageuka samaki, na katika sentensi ya mwisho mvuvi anavua mmoja wao, akakuta pete kidoleni.

Atasema kuwa msomaji ameitika “Pakawa”. Ni kweli, msomaji ameitika. Lakini mkataba ule ulikuwa baina ya msimulizi na msikilizaji, na hapa kuna mtu wa tatu ambaye hakuwepo barazani. Maiti hakuitika. Mjane anayekifungua kitabu kwa bahati mbaya katika duka la vitabu hakuitika. Ruhusa ya kusema uongo haikutolewa na wale ambao msiba wao ndio ulioazimwa.

Je, basi mtunzi anyamaze? La hasha. Kunyamaza si heshima siku zote. Mara nyingine ni woga uliovaa kilemba. Tena msiba wenyewe huzungumza kwa lugha ya mambo yasiyowezekana. Mama huendelea kumwekea mwanawe sahani, na mtoto huuliza kama baba ana baridi huko chini. Penginepo hadithi ya ajabu ndiyo pekee iliyo na nafasi ya maneno kama hayo, kwa kuwa taarifa ya tume ya uchunguzi haina. Kosa haliko katika ajabu. Liko pale msiba unapotumiwa kuwa kiti cha kukalisha mshangao wa mwisho. Na kipimo ni kilekile: uondoe msiba huo, weka ajali ya gari au moto wa ghala. Kama hadithi haikupoteza chochote, basi wale waliokufa majini walitumika kama pambo. Na kama hadithi imevunjika, maana yake iliwahitaji wao, kwa ile safari yao na ile bahari yao, na hapo pana angalau mwanzo wa heshima.

Mbali na msomaji na wanaosimuliwa, kuna watu wa tatu: wachangiaji wenyewe na mhariri wao. Mkusanyiko ni baraza. Mtu huketi pasi na kujua nani ataketishwa ubavuni mwake. Hadithi inayokabidhiwa kwa mhariri ni amana, na amana ina sheria zake pande zote mbili. Huko Marekani, Harlan Ellison alikusanya hadithi 33 mpya katika kitabu cha Dangerous Visions cha mwaka 1967, kikafuatiwa na cha pili mwaka 1972. Akatangaza cha tatu, The Last Dangerous Visions, akapokea hadithi kwa wingi, na kitabu hakikutoka. Miaka ilipita. Baadhi ya watunzi walizirudisha hadithi zao wakazichapisha kwingine, na wengine walifariki zikiwa bado zimefungiwa. Ellison mwenyewe alifariki mwaka 2018, na kitabu kilitoka mwaka 2024 kwa jitihada za J. Michael Straczynski, kikiwa na sehemu tu ya zile zilizokusanywa. Hakuna aliyemtuhumu Ellison kwa kukosa mapenzi ya fasihi. Pengine mapenzi yalizidi uwezo wake wa kukamilisha. Lakini mwenye kushika amana haulizwi aliipenda kiasi gani. Huulizwa iko wapi.

Mchangiaji naye ana la kuulizwa, na hapa yafaa kutenganisha mambo mawili ambayo hufanana kwa sura. Upo uongo wa hadithi, na upo uongo juu ya hadithi. Wa kwanza ndio ule ulioombewa ruhusa: jini, mwezi uliomezwa, maiti mdai. Wa pili unahusu nani aliitunga, ilitoka wapi, na imetokana na nini. “Paukwa” haikuufunika huo. Borges na Bioy Casares walitia majina ya watunzi wa kubuni miongoni mwa majina ya kweli, na wasomaji wao wengi waliuchukulia mchezo huo kuwa ni sehemu ya ajabu yenyewe. Huenda walisameheka kwa sababu waliyabuni majina ili wajifiche wao, na hawakumnyang’anya mtu kazi yake. Anayechukua ngano ya bibi wa Makunduchi akaichapa kwa jina lake mwenyewe amefanya kinyume. Hakubuni jina, ila amelifuta la mtu.

Swali hili limekuwa la haraka zaidi katika miaka ya karibuni. Mwezi Februari 2023 jarida la Clarkesworld la Marekani, linalochapa hadithi za sayansi na za ajabu, lilisimamisha kwa muda kupokea kazi mpya kwa sababu ya wingi wa hadithi zilizotungwa na programu za kompyuta na kupelekwa kwa majina ya watu. Hadithi fupi ya mada maalumu ndiyo iliyo rahisi kuigizwa namna hiyo, kwa kuwa mada imetajwa, idadi ya maneno imetajwa, na mshangao wa mwisho una mapishi yake. Lakini mlango haukufunguliwa na mashine. Ulifunguliwa zamani na kila mtu aliyejaza fremu bila kuwa na jibu la kitendawili chake. Aliyezoea kupeleka pengo tupu hana hoja ya kumlaumu anayepeleka pengo tupu kwa kasi zaidi.

Kwa hivyo mtunzi anayeombwa maneno 100 juu ya bahari asijione ameombwa kitu chepesi. Kabla ya kukituma, na amsomee kwa sauti mtu mmoja anayeijua bahari hiyo: nahodha, mpika pweza, au yule aliyengoja gatini usiku kucha. Asimuulize kama hadithi ni nzuri, maana kwa adabu ataambiwa ni nzuri. Amtazame tu baada ya neno la mwisho, aone kama anataka kuongeza lake.