Lafudhi ya Kibwanyenye na Kicheko cha Marafiki

Uigaji wa lafudhi ya mabwanyenye wa Uingereza huchukuliwa kwa kawaida kuwa mzaha usiomdhuru mtu: anayeigwa ni mwenye nguvu, tena hayupo. Lakini je, anayechekwa ndiye huyo anayeigwa?

Katika kipindi kimoja cha vichekesho vya Kimarekani, Friends, kilichorushwa mwaka 1999, Ross, mhadhiri mgeni chuoni, anashikwa na woga na kujikuta akifundisha kwa lafudhi ya Uingereza. Rachel na Monica wanapomfumania, nao wanajitia lafudhi za kubuni, mmojawapo ya Kihindi. Hapo ndipo penye utata. Lafudhi ya Ross inachekesha kwa kuwa anajikweza. Ile ya Kihindi inachekesha kwa kusikika tu. Ya kwanza ni joho la mamlaka (wahadhiri wa Afrika Mashariki wanalifahamu vyema joho hilo), ya pili ni alama ya ugeni.

Tofauti hiyo inazidi kukera ikisikilizwa kutoka Mabanga, Bungoma. Katika Papa Shirandula, vichekesho vya Citizen TV vilivyoanza mwaka 2007 na kukoma mwaka 2020, lafudhi ya Kiluhya wamepewa bawabu na mtumishi wa nyumbani, Awinja. Katika Lubukusu vipasuo ghuna hutokea baada ya nazali tu. Gari likitamkwa kari, hiyo ni kanuni ya kifonolojia, si ujinga. Kijana wa Mabanga anayewaigia wenzake Kiingereza cha puani anawachekesha kwa sababu wote wanajua si chake. Hata hivyo, kicheko hicho hakiiondoi lafudhi ya mabwana kwenye kiti chake. Huithibitisha kuwa kipimo.

Bergson alidai mwaka 1900 kwamba kicheko huhitaji moyo utiwe ganzi kwa muda. Dai hilo haliwatoshi marafiki wanaocheka ulimi wao wenyewe. Charles Bukeko, aliyeigiza Papa hadi kifo chake mwaka 2020, alikuwa Mluhya wa Busia akitia chumvi usemi wa kwao. Benson Wanjau, Mgikuyu, alivuma kama Mzee Ojwang kwa lafudhi ya Kijaluo. Wa kwanza ni rahisi kumsamehe, ingawa hadhira ya Nairobi haikuwauliza wachekeshaji hao makwao ni wapi.

Ross anajaribu kuiacha lafudhi yake kidogo kidogo. Awinja hana ya kuiacha. Tamthilia haikumpa nyingine.