Serikali si Siri Kali

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii sisi walimu wa Kiswahili tumeifundisha miaka mingi, na aghalabu tumeieleza kwa mfano wa mwenye duka asiyeandika madeni yake. Lakini limebaki swali moja ambalo methali haikulijibu. Daftari lililopo, ila limefungiwa kabatini asilione mwenye mali, lina tofauti gani na daftari lisilokuwapo? Mali ya duka ni ya mwenye duka, naye hulifungua daftari lake apendapo. Mali ya umma ni ya watu wote. Je, daftari lake ni la nani?

Mwenzetu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi huku Uganda, alikwenda katika ofisi ya serikali ya mtaa kuomba aone hesabu ya fedha zilizotengewa shule yake. Karani hakumtukana wala hakumfukuza. Alimpa kiti, akamwuliza kwa upole: "Mwalimu, nani amekutuma?" Mwalimu akajibu kwamba hakutumwa na mtu. "Basi kama hukutumwa," akasema karani, "hesabu hizo za nini?" Mwalimu akakosa la kusema, akaaga, akarudi kwake. Alipotusimulia kisa hicho, wengine walimlaumu karani kwa kiburi, na wengine walimlaumu mwalimu kwa woga. Sisi twaona kwamba wote wawili walilelewa na desturi moja: desturi ya kudhani kwamba habari za ofisi ni za ofisi, na kwamba raia anayeuliza ama ametumwa na mkubwa, ama ana nia mbaya.

Wanafunzi wetu hupenda kufanya mzaha kwamba neno "serikali" limetokana na "siri kali". Twawasahihisha, twawaambia kwamba asili ya neno hilo ni Kiajemi, wala halihusiani na siri. Hata hivyo mzaha huo haukuzuka bure. Katika enzi za ukoloni, daftari la chifu liliandikwa ili mtu atozwe kodi. Halikuandikwa ili mtu yule aulize kodi yake imekwenda wapi. Wakoloni waliondoka, bendera zikabadilishwa, lakini kabati la masijala lilibaki mahali pake, na ufunguo ukabaki mfukoni mwa karani.

Hata hivyo tusimwonee karani. Naye analo la kujitetea, tena latoka katika malezi yetu sote. Tumefundishwa tangu utoto kwamba kutunza siri ni uungwana, na kwamba mtu mwenye kinywa kipana hafai kuaminiwa. Karani anayefunga kabati anajiona mwaminifu. Kosa lake ni kuchanganya mambo mawili, nayo ni siri na amana. Siri ni jambo langu nililokuambia ili usimwambie mwingine. Amana ni mali yangu niliyoiweka kwako ili uitunze mpaka nitakapoihitaji. Mtunza amana hana budi kuificha machoni pa mwizi, lakini hawezi kumficha mwenyewe. Nikija kuitazama amana yangu, nawe ukaniuliza ni nani aliyenituma, sina budi kuingiwa na shaka, hata kama amana iko salama.

Wala jambo hili si la maneno matupu. Katika miaka ya 1991 hadi 1995, serikali kuu ya Uganda ilikuwa ikitoa ruzuku kwa shule za msingi kwa hesabu ya kila mwanafunzi. Wachunguzi Ritva Reinikka na Jakob Svensson walizifuata fedha hizo katika shule 250, wakalinganisha zilizoandikwa kwamba zimetolewa na zile zilizopokewa. Walikuta kwamba kwa wastani ni asilimia 13 tu ya fedha hizo zilizofika shuleni. Nyingi kati ya zilizobaki ziliishia mikononi mwa maofisa wa wilaya. Wakati huo huo wazazi walikuwa wakichangishwa ili shule zipate chaki na vitabu, nao hawakujua kwamba kulikuwa na fedha zilizokwisha kutolewa kwa ajili ya watoto wao. Baada ya hapo serikali ilianza kutangaza magazetini kiasi kilichopelekwa kwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi kilichopokewa. Ilipofika mwaka 2001, zaidi ya asilimia 80 ya ruzuku zilikuwa zikifika. Wataalamu wanabishana ni sehemu gani ya mabadiliko hayo iliyoletwa na magazeti, na ni sehemu gani iliyoletwa na marekebisho mengine ya fedha. Lakini hakuna anayebisha kwamba wizi ule ulisitawi gizani.

Sheria nayo imekwisha kusema neno lake. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika kifungu cha 41, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola na vyombo vyake, isipokuwa zile zinazoweza kudhuru usalama au mamlaka ya nchi, au kuingilia faragha ya mtu mwingine. Sheria ya mwaka 2005 ikaeleza njia ya kufuata. Mwombaji huandika ombi lake, akaitaja hati anayoitaka kwa namna itakayowezesha kutambulikana. Asiyejua kuandika anaweza kuomba kwa mdomo, naye ofisa akaliandika ombi hilo kwa niaba yake. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Ikinyamaza, kimya chake huhesabiwa kuwa ni kukataa, na mwombaji anaweza kupeleka malalamiko yake mbele ya Hakimu Mkuu. Tena sheria hiyo yasema wazi kwamba haki ya mwombaji haipunguzwi na sababu anayoitoa, wala na dhana ya ofisa juu ya sababu hiyo. Kumbe swali la "nani amekutuma" lilikwisha kujibiwa na sheria kabla mwenzetu hajapanda ngazi za ofisi ile.

Hapa msomaji anaweza kutupinga akisema: Je, kila daftari lifunguliwe kwa kila mtu? La, hasha. Ndugu zetu wa Rwanda wanajua ni hatari gani inayoweza kukaa ndani ya maandishi ya ofisi. Vitambulisho vilivyoanzishwa na utawala wa Kibelgiji katika miaka ya 1930 viliandikwa kabila la mtu, na mwaka 1994 neno moja katika kitambulisho lilitosha kumpeleka mtu kwenye mauti. Nasi twatoa kipimo hiki: kadiri daftari linavyoeleza matendo ya mwenye mamlaka, ndivyo linavyopaswa kuwa wazi, na kadiri linavyoeleza nafsi ya mnyonge, ndivyo linavyopaswa kusitiriwa. Bajeti ya wilaya, zabuni ya barabara, na mihtasari ya vikao vya baraza visomwe na atakaye. Ugonjwa wa mtu na msiba wa nyumba yake si mambo ya kuanikwa.

Wengine husema kwamba kuomba hesabu ni kuonyesha kutoaminiana. Sisi twaona kinyume chake. Kuuliza si kushitaki. Karani mwaminifu hana shahidi bora kuliko daftari lake mwenyewe, na anapolifunga anajinyima ushahidi huo na kujiacha mikononi mwa uvumi. Lakini muulizaji naye ana wajibu wake. Asije na shutuma mdomoni. Aseme ni hati gani, ya mwaka gani, ya ofisi gani. Aandike barua kwa adabu, abaki na nakala yenye tarehe na muhuri wa mapokezi. Akiisha kupata alichokiomba, akisome chote asije akatangaza nusu ya habari.

Na sisi walimu tuna sehemu yetu katika jambo hili, tena ni kubwa. Hati za ofisi zetu aghalabu zimeandikwa kwa Kiingereza, na wengi wanaohusika nazo hawaisomi lugha hiyo. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005, Kiswahili kikawekwa kuwa lugha rasmi ya pili nchini Uganda. Basi tusikiache kibaki lugha ya mashairi na mitihani tu. Tuwafundishe wanafunzi kuandika barua ya kuomba hati, kama tunavyowafundisha kuandika barua ya kuomba kazi. Tuwafundishe maneno muhtasari, jalada, stakabadhi na masijala.

Lakini kabla ya hapo, yatupasa kujiuliza swali gumu zaidi. Siri ya mtungi aijuaye kata, nasi ndio kata ya mtungi wa shule. Mzazi anapokuja kuuliza mchango wake ulinunua nini, je, sisi humfungulia daftari? Au nasi, kwa upole na baada ya kumpa kiti, humwuliza ni nani aliyemtuma? Anayedai kuonyeshwa daftari la wilaya na huku amelikalia la shule, hajadai haki. Amedai nafasi ya karani. Basi na tuanze kwetu. Daftari letu na liwe mezani, ili siku tutakapokwenda kuomba la wakubwa, tuwe na uso wa kuombea.