Faraja ya Mama Aliyefiwa na Mlevi

Liko swali ambalo walimu wa sharika zetu huliogopa, nalo huulizwa kwa sauti ndogo baada ya maziko, watu wakiisha kuondoka: "Mwalimu, mwanangu amekufa kwa pombe. Yuko wapi sasa?" Mama aulizaye hivi ameyasikia maneno ya Mtume Paulo, 1 Wakorintho 6, ya kwamba walevi hawataurithi ufalme wa Mungu. Hana haja ya kukumbushwa.

Wako wamjibuo upesi ya kuwa mwanawe amepotea, wakidhani wanailinda sheria ya Mungu. Wengine kwa huruma husema hakika yu mbinguni, kana kwamba ulevi si neno. Wote wawili wamekalia kiti cha Kristo. Tena neno lile la Paulo waliandikiwa watu walio hai, wapate kugeuka. Na aya iliyo baada yake yawakumbusha Wakorintho ya kuwa baadhi yao walikuwa watu wa namna hiyo hiyo, nao wakaoshwa.

Yatupasa kufahamu ulevi ulivyo. Ni dhambi, sikatai. Lakini ni kifungo pia. Waganga wa siku hizi wametuonyesha ya kuwa mwili uliozoea pombe miaka mingi huidai, na mtu aliyeshikwa sana akiiacha ghafula pasipo msaada wa daktari aweza kutetemeka, kushikwa na kifafa, hata kufa. Basi yule aliyetoa ahadi mbele ya wazee Jumapili, akaonekana kilabuni Jumanne, yamkini hakusema uongo Jumapili ile. Alitaka, asiweze. Paulo naye aungama katika Warumi 7 ya kuwa jema alipendalo halitendi. Nasi katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 twajifunza, katika sehemu ya tatu ya Imani, ya kwamba hapana awezaye kumwendea Kristo kwa nguvu zake mwenyewe. Kwa nini basi tumdai mlevi nguvu ambazo sisi wenyewe hatukuokoka kwazo?

Mwaka 1542 Martin Luther aliwaandikia faraja wanawake Wakristo waliofiwa na watoto wachanga kabla ya kubatizwa. Hakudai kuzijua siri za Mungu. Aliwafundisha ya kuwa kuugua kwa mama aaminiye, hata kusikokuwa na maneno, Mungu hukusikia kama sala ya kweli. Mwaka ule ule, mwezi wa Septemba, akamzika binti yake Magdalena, mwenye miaka 13.

Mama wa mlevi ana neno zaidi ya wale, maana mwanawe alibatizwa, na katika ubatizo aliyetoa ahadi ni Mungu. Na zile usiku nyingi alizokesha akisikiliza hatua za miguu njiani, akiugua, alikuwa akiomba, ingawa mwenyewe hakujua. Hatuwezi kumwambia yaliyopita kati ya Mungu na mwanawe saa ile ya mwisho. Twaweza kumwambia Hakimu ni nani: ni yule aliyemwahidi mnyang'anyi msalabani pasipo kumpa muda wa kutengeneza maisha yake. Wala asizuiwe kulia. Yoabu alimkemea Daudi kwa kumlilia Absalomu, mwana mwasi, kwa kuwa askari waliona haya. Walakini Maandiko yametuhifadhia kilio kile chote.

Jambo moja lanichukiza, nalo ni kuona pombe ikigawiwa matangani kwa mtu aliyeuawa na pombe. Wazee wa usharika walikomeshe. Naye mwalimu arudi nyumba ile baada ya mwezi, wageni wakiisha kwenda, kwa maana mara nyingi yuko humo ndugu mdogo aliyekwisha kuanza kunywa. Amtafute, afuatane naye hospitali, asingoje mpaka aje kanisani.