Kijani Kilichowadanganya Walowezi wa Amani

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Wajerumani walipanda Milima ya Usambara Mashariki, nyuma ya Tanga, wakitafuta mahali pa kulima kahawa. Waliyoyaona huko yangemshawishi mtu yeyote. Miti ilikuwa mirefu ajabu, mashina yamevikwa kuvumwani tangu chini, matawi yameelemewa nayo, hata mawe ya vijitoni yamefunikwa yote. Wakaamini kwamba ardhi inayolisha msitu wa namna hii haiwezi kuikataa kahawa. Mashoka yakaingia. Derema na kwingineko mashamba yakafunguliwa, na fedha nyingi zikazama humo.

Baada ya miaka michache mibuni ilidhoofu na mavuno yakashuka. Udongo ulikuwa na tindikali na rutuba haba, kwa kuwa mvua ilikuwa imeuchuja kwa karne nyingi. Taasisi ya utafiti wa kilimo ilianzishwa Amani, katika milima hiyohiyo, mwaka 1902, miti ikiwa imekwisha kuanguka.

Walowezi walihukumu udongo kwa kutazama matawi. Kuvumwani haina mizizi ya kunyonya chochote ardhini. Jani lake, kwa aina nyingi, lina unene wa seli moja tu, nalo hunywa maji na virutubisho moja kwa moja kutoka kwenye mvua, ukungu na vumbi. Likikauka hujikunja na kutulia. Manyunyu yakirudi, hufunguka na kuendelea kuishi. Kwa hiyo wingi wa kuvumwani hutueleza habari za hewa, si za udongo. Katika misitu ya joto ya mabondeni huwa chache, maana usiku wa joto huiunguzia kile ilichojitengenezea mchana. Kadiri unavyopanda ndivyo inavyoongezeka, hadi kwenye ukanda wa mawingu.

Mtaalamu wa mimea kutoka Hungaria, Tamás Pócs, alipima jambo hili katika Milima ya Uluguru. Katika msitu mfupi wa ukungu, juu ya mita 2,000, alikuta mimea inayoota juu ya miti, kuvumwani ikiwa sehemu kubwa, ikifikia takriban tani 14 kwa hekta ikiwa mikavu. Mvua moja ikinyesha, mimea hiyo huweza kushika kama lita 50,000 za maji katika hekta moja, kisha ikayaachilia polepole. Huko Usambara nako, sehemu kubwa ya utajiri wa msitu ilikuwa juu ya ardhi, na ndiyo walowezi waliyoiangusha kwanza.

Inauma kwamba kosa hilo halikuishia kwao. Miaka mingi baadaye wakulima wetu walifyeka vichaka vya chini na kupunguza miti mikubwa ya milima hiyohiyo ili wapande iliki. Kwa miaka kadhaa iliki ililipa vizuri, kisha udongo ukachoka, na mashamba mengi yakageuzwa kuwa ya migomba na mahindi.

Mti unaopandwa leo hukua upesi. Kuvumwani nene juu ya tawi lake huchukua miongo. Anayetaka kufyeka mteremko wa juu ya Mto Zigi, ambao Tanga inaunywa, achimbe kwanza shimo la kina cha goti. Atakuta tabaka jembamba la mboji nyeusi, na chini yake udongo mwekundu usio na cha kumpa.