Jirani Usiyemchagua

Asubuhi ya tarehe 12 Mei 2008, helikopta zilizunguka juu ya Postville, mji mdogo wa mashamba ya mahindi kaskazini-mashariki mwa jimbo la Iowa, Marekani. Maafisa wa uhamiaji walikizingira kiwanda cha nyama cha Agriprocessors wakakamata wafanyakazi 389, wengi wao wanavijiji kutoka Guatemala. Walipelekwa mji wa Waterloo, kwenye viwanja vya maonyesho ya ng'ombe, na mahakama ikafunguliwa humo humo. Washtakiwa waliingizwa kumi kumi, wamefungwa minyororo. Katika siku chache karibu mia tatu walikiri makosa ya kutumia hati bandia, na wengi wakahukumiwa miezi mitano jela kabla ya kurudishwa kwao. Profesa Erik Camayd-Freixas, mmoja wa wakalimani wa mahakama hiyo, aliandika baadaye kwamba wengi wa watu aliowatafsiria hawakuelewa hata shitaka lenyewe.

Waliosalia walikimbilia kanisani. Usiku wa siku ile ya msako mamia ya watu, wengi wao wanawake na watoto, walijisitiri katika parokia ya Mtakatifu Brigida. Sista Mary McCauley, aliyekuwa akiisimamia, aliwapokea. Padri Paul Ouderkirk, aliyekwisha kustaafu, akarudi kazini kumsaidia. Baadhi ya akina mama waliokamatwa waliachiwa ili walee watoto, lakini wakafungwa vifaa vya kielektroniki vifundoni. Kufanya kazi walikatazwa, na kuondoka pia walikatazwa. Basi parokia ile ndogo ikabeba kodi zao za nyumba, bili zao na chakula chao kwa miezi mingi.

Hapo ndipo linapozaliwa swali ambalo dini na falsafa zimelizunguka kwa karne nyingi: mtu anadaiwa nini na jirani ambaye hakumchagua?

Mafundisho hayakosi. Injili ya Luka inasimulia habari za Msamaria aliyemhudumia majeruhi barabarani huku watu wa dini wakimpita. Sura ya Nisaa katika Kurani inaagiza wema kwa jirani wa karibu na kwa jirani wa mbali, bila kumbagua wa pili. Ugumu uko kwenye utekelezaji, hasa pale jirani wa mbali anapohamia mtaa wako, wala si kwa mwaliko wako bali wa kiwanda.

Ndivyo ilivyokuwa katika miji mingi ya katikati ya Marekani. Mashamba yalizidi kuwa makubwa na wakulima wakapungua. Mgogoro wa madeni wa miaka ya 1980 ukawafilisi wengi, na vijana wakahamia mijini. Wakati huo huo makampuni ya nyama yalitoka miji mikubwa kama Chicago yakafuata ng'ombe vijijini, ambako vyama vya wafanyakazi vilikuwa dhaifu na mishahara ingeweza kushushwa. Mwishoni mwa 1980 kampuni ya IBP ilifungua machinjio makubwa karibu na Garden City, magharibi mwa Kansas. Wakaja wakimbizi wa Vietnam, kisha Wameksiko, kisha Waburma na Wasomali, wengi wa hao Wasomali wakiwa wamepitia kambi za Dadaab na Kakuma nchini Kenya. Postville nako, mwaka 1987 Wayahudi wa madhehebu ya Hasidi kutoka Brooklyn walinunua kiwanda kilichokuwa kimefungwa, ndicho kikawa Agriprocessors, na mji wa Walutheri na Wakatoliki wenye asili ya Ujerumani na Norwei ukajikuta na sinagogi.

Mtu mwenye shaka atauliza: wema huo una thamani gani ikiwa mji ulikuwa na shida? Mhamiaji alijaza madarasa yaliyokuwa yakipungukiwa watoto, akapanga nyumba zilizokuwa tupu, akanunua dukani. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha maadili cha mwaka 1785, alitoa mfano wa mwenye duka asiyempunja mteja asiye na uzoefu kwa sababu uaminifu unamletea faida. Tendo lake ni sahihi, alisema Kant, lakini halina sifa ya kimaadili, maana limetoka kwenye maslahi.

Hoja hiyo ni nzito, na kwa sehemu ni kweli. Shida ndiyo iliyofungua mlango. Lakini Postville inaonyesha mahali inapokwamia. Baada ya msako ule, akina mama waliofungwa vifaa vifundoni hawakuwa na faida yoyote kwa uchumi wa mji. Wamezuiwa kufanya kazi, hawana mishahara, na Novemba ya mwaka ule ule kiwanda chenyewe kikafilisika. Kwa hesabu ya maslahi, huo ndio ulikuwa wakati wa kuwaacha. Badala yake chakula kiliendelea kupikwa. Walioanza kujuana kwa sababu ya kiwanda walikuwa wameshaketi pamoja kwenye misa, watoto wao wakasoma darasa moja, na kwa miaka hiyo kitu kingine kikaota ndani ya mazoea. Kant alipima nia ya mtu katika tendo moja. Ujirani ni matendo mengi, na nia hubadilika yakiwa yanaendelea.

Garden City ilipimwa kwa namna nyingine. Oktoba 2016, wiki chache kabla ya uchaguzi wa rais, shirika la upelelezi la FBI liliwakamata wanaume watatu waliopanga kulipua majengo walimoishi Wasomali pamoja na chumba walichokitumia kuwa msikiti. Walitaka kulipua baada ya siku ya kura. Aliyewafichua alikuwa mkazi wa hapo hapo, aliyeingia katika kikundi chao na kuwarekodi kwa miezi kadhaa. FBI ilimlipa, kweli; lakini hatari aliyojitia, miongoni mwa watu wenye silaha waliodhani ni mwenzao, si ya mtu anayetafuta riziki tu. Mkuu wa polisi wa mji, Michael Utz, alikutana na Wasomali kuwahakikishia kwamba mji ni wao pia.

Kesi ilipokaribia, mawakili wa washtakiwa waliomba baraza la mahakama lijumuishe watu wa vijijini magharibi mwa Kansas, wakidai kwamba huko wafuasi wa Donald Trump ni wengi zaidi. Jaji alikataa, na mwaka 2019 watatu hao walihukumiwa vifungo vya miaka 25, 26 na 30. Ombi lile lilikuwa tusi kwa wanavijiji. Lilichukulia kwamba mtu aliyempigia kura mwanasiasa mkali dhidi ya wahamiaji angemhurumia aliyetaka kuwaua. Siasa za vijijini hazisomeki hivyo. Kaunti ya Allamakee, ambako sehemu kubwa ya Postville ipo, ilimchagua Barack Obama mara mbili, kisha mwaka 2016 ikamchagua Trump.

Hata hivyo wanavijiji hao hawawezi kuachwa bila swali. Yupo anayempelekea Mguatemala mgonjwa sufuria ya supu Jumapili, na Jumanne anapigia kura sera itakayomtenganisha na wanawe. Akiulizwa, atasema yule anamfahamu, ni mtu mwema. Sheria inawahusu wale wengine. Lakini wale wengine nao wana majirani wanaosema maneno hayo hayo. Tarehe 4 Aprili 1967, katika kanisa la Riverside jijini New York, Martin Luther King aliirudia habari ya Msamaria akaongeza kwamba kumhudumia majeruhi ni mwanzo tu: barabara yenyewe ya Yeriko inapaswa kubadilishwa ili wasafiri wasiendelee kupigwa. Huruma ya mlangoni isiyofika kwenye sanduku la kura imeishia nusu ya njia. Na asiyeishi vijijini, anayewahukumu watu hao kwa kura zao bila kuiona ile sufuria, naye amesoma nusu ya habari.

Mtihani mwingine umekwisha kuja. Novemba 2025 kampuni ya Tyson ilitangaza kwamba ingefunga kiwanda chake cha Lexington, Nebraska, Januari 2026. Kilikuwa na wafanyakazi wapatao 3,200 katika mji wa watu kama elfu kumi na moja. Ni mji ambao miaka kumi hivi iliyopita halmashauri yake iliwashitaki Waislamu wa Kisomali kuhusu jengo walilolitumia kuswalia. Sasa mwenyeji na mhamiaji wamepoteza ajira kwa tangazo moja. Viongozi wa Lexington, na wa kila mji ulio katika hali hiyo, wasiwaombee wahamiaji safari njema na kuishia hapo. Aliyekata nyama mjini kwao kwa miaka mingi, akalipa kodi na kusomesha watoto, anastahili kuitwa kwenye kikao kitakachoamua mji ufanye nini baada ya kiwanda, awe amezaliwa Nebraska au Mogadishu.